Rada haiuoni mzinga: inaliona bomu, kisha inarudi nyuma kwa hesabu

Wengi wakisikia kwamba kuna rada inayotaja mahali adui alipofyatulia, hudhani ni jicho linalopenya vilima na kuuona mzinga wenyewe uliojificha bondeni. Hakuna rada ya namna hiyo. Mzinga ulio nyuma ya kilima hauonekani kwa rada kama usivyoonekana kwa darubini. Kinachoonekana ni bomu likiwa hewani, tena kipande kidogo tu cha safari yake. Yaliyobaki ni hesabu ya kurudi nyuma. Ukilishika hilo, huhitaji kuelezwa sana kwa nini mashine hizi hupatia kwenye mota na kuyumba kwenye roketi, wala kwa nini ramani mbovu huziumiza kuliko mvua.

Tuchukue mota ya milimita 81, lile bomba fupi linalotupa bomu juu na kulishusha upande wa pili wa kilima. Bomu linatoka kwa mita 200 kwa sekunde, na bomba limeinuliwa nyuzi 70. Tukipuuza hewa ili hesabu iwe nyepesi, bomu litapanda hadi mita 1,800 hivi, litatua mita 2,600 mbele, na litakaa angani sekunde 38. Rada iko kilomita 6 kutoka kwenye mota, usawa mmoja nayo, na mwale wake wa chini kabisa unapita juu ya ukingo wa kilima kwa nyuzi 1.5. Kwa umbali huo mwale uko mita 157 juu ya mota. Bomu linaanza kupanda kwa mita 188 kila sekunde, kwa hiyo linaufikia mwale kabla sekunde ya kwanza haijaisha. Sekunde ya tano liko mita 817 juu, na kwa mlalo limesogea mita 342 tu.

Rada sasa inalo bomu kuanzia mita 157 hadi mita 817 za kimo, limepimwa mara nyingi ndani ya sekunde nne. Ili kujua lilikotoka, inapaswa kurudi nyuma mita 157 tu. Hiyo ni hesabu ya safari isiyofika sekunde moja. Ndiyo maana mota, silaha nyepesi inayobebwa mgongoni na kuhamishwa kwa dakika chache, ndiyo inayofichuliwa kirahisi kuliko zote.

Linganisha na mzinga ulio kilomita 15, ukifyatua kwa pembe ya nyuzi 20 na mwendo wa mita 560 kwa sekunde. Mwale uleule wa nyuzi 1.5, ukiufikisha kilomita 15, uko karibu mita 400 juu ya ardhi. Kombora linaufikia baada ya sekunde mbili na ushei, na wakati huo limeshauacha mzinga zaidi ya kilomita moja nyuma. Kilomita hiyo nzima rada haikuiona. Inabidi ikisie, tena kisio linaangukia pale ambapo kombora lina kasi kubwa kuliko mahali pengine pote na hewa inalikaba zaidi.

Uzio wa mawimbi

Rada za zamani zilifanya kazi hii kwa jicho la mwanadamu. Green Archer ya Waingereza ilikuwa na miale miwili, mmoja juu ya mwingine. Bomu lilipoukata mwale wa kwanza nukta iliwaka kwenye skrini, lilipoukata wa pili ikawaka nyingine, na opareta aliziwekea alama zote mbili. Kwa nukta mbili na muda uliopita kati yake, kompyuta ndogo ilichora mkunjo hadi ardhini. Iliyoifuata, Cymbeline, ilikuwa nyepesi zaidi lakini fikra yake ilikuwa hiyohiyo. Njia ya bomu la mota inakaribia kuwa mkunjo wenye pande mbili zinazofanana, hivyo nukta mbili zilitosha. Kwa mizinga inayofyatua chini-chini hazikutosha hata kidogo.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na familia ya Firefinder ya Marekani, AN/TPQ-36 na AN/TPQ-37, zilizotengenezwa na kampuni ya Hughes na kuenea miaka ya 1980. Antena yake haizunguki. Ni bamba, na mwale unaelekezwa kwa umeme ukiruka kutoka pembe moja hadi nyingine ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Kazi yake ya kudumu ni kupitisha mwale mmojammoja juu tu ya upeo wa vilima, kushoto hadi kulia, ndani ya robo ya duara. Huo ndio uzio. Kitu chochote kinachopanda lazima kiukate.

Uzio ukikatwa, rada haipigi kelele mara moja. Kwanza inarusha mwale wa kuhakiki pale ambapo kitu kingetakiwa kuwa baada ya muda mfupi. Kikikosekana, habari imeisha. Kikiwepo, inaanza kukifuatilia kwa mapigo (mirusho mifupi ya mawimbi) yaliyotengwa kwa ajili yake, huku mapigo mengine yakiendelea kulinda uzio. Ikishapata vipimo vya kutosha inakiacha kabisa, hata kama bado kinapanda. Wasiozoea hushangaa rada inapoliachia bomu lingali juu. Hakuna cha kushangaza: mapigo ni mali adimu, na bomu la pili huenda liko njiani.

Hapa ndipo unapokuja mfano wa roketi za BM-21, zile ambazo Waganda waliziita "saba saba" jeshi la Tanzania lilipozitumia kwenye vita vya 1978 na 1979. Gari moja lina mirija 40 na linaimaliza yote kwa sekunde 20 hivi. Rada yoyote itakayojaribu kufuatilia roketi zote 40 hadi mwisho itazidiwa. Lakini haina haja. Zote zimetoka mahali pamoja, na tatu au nne za mwanzo zinatosha kulitaja gari.

Ndege, magari na mawingu ya mvua huchujwa kwa mwendo. Wimbi linalorudi kutoka kwenye kitu kinachokuja hubadilika masafa, na kiasi cha badiliko kinategemea kasi na urefu wa wimbi. Kwa wimbi la sentimita 3, kitu kinachokuja kwa mita 300 kwa sekunde huleta badiliko la kilohezi 20. Kwa wimbi la sentimita 10 ni kilohezi 6. Korongo anayeruka kwa mita 15 kwa sekunde huleta badiliko dogo sana, na kompyuta humtupa nje bila kumhoji.

Chujio hilo lina matundu mawili ambayo opareta hana budi kuyajua. La kwanza: kinachopimwa ni kasi ya kuikaribia au kuikimbia rada, si kasi nzima. Kombora linalokatiza mbele ya rada kutoka kushoto kwenda kulia linaweza kuwa na kasi ya mita 500 kwa sekunde, lakini kwa rada likaonekana kama limesimama. Kwa sababu hiyo rada huwekwa nyuma ya sehemu inayolengwa, ili mabomu yaje uso kwa uso nayo, badala ya kuwekwa pembeni. Tundu la pili ni kasi za upofu. Rada ya wimbi la sentimita 10 inayopiga mapigo 3,000 kwa sekunde haioni kitu kinachokuja kwa mita 150 kwa sekunde, wala 300, wala 450, kwa kuwa kwenye kasi hizo kila pigo hurudi likifanana na lililotangulia kana kwamba kitu hakikusogea. Dawa yake ni kubadilisha idadi ya mapigo mara kwa mara, lakini ukiongeza mapigo unapunguza umbali. Mapigo 3,000 kwa sekunde yanakupa kilomita 50 kabla mwangwi wa pigo la zamani haujachanganyikana na wa pigo jipya.

Urefu wa wimbi ni ndoa ya lazima

Ukichagua wimbi fupi, antena ndogo inakupa mwale mwembamba. Bamba la mita 2 kwa wimbi la sentimita 3 hutoa mwale wa takriban nyuzi moja, ambao kilomita 10 mbele una upana wa mita 175. Rada haitoshelezwi na upana huo. Inalinganisha nguvu ya mwangwi pande mbili za mwale na kupata pembe kwa usahihi wa sehemu ndogo ya upana wake. Ila wimbi fupi hunyonywa na mvua kubwa. Wimbi refu hupita kwenye mvua bila shida na husaidia kuona mbali, lakini linadai bamba kubwa, na bamba kubwa linadai gari kubwa.

Majeshi yamegawanyika kutokana na hilo. AN/TPQ-36 hutumia wimbi la sentimita 3 kwa ajili ya mota na mizinga ya karibu. AN/TPQ-37 na mrithi wao wote wawili, AN/TPQ-53, hutumia sentimita 10. Wazungu na Wahindi wamesimama katikati, kwenye sentimita 5 na kitu: ARTHUR ya Sweden na Norway, COBRA ya Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, na Swathi, ambayo India iliihangaikia zaidi baada ya vita vyake na Pakistan huko Kargil mwaka 1999 kuonyesha gharama ya kukosa rada za namna hii milimani. Pembeni kabisa kuna kifaa kidogo, AN/TPQ-48 na wadogo zake, cha wimbi la sentimita 20 na kitu, kilichobuniwa kwa ajili ya vikosi maalumu vya Marekani. Hicho ni silinda inayosimama juu ya miguu mitatu na kuangalia duara lote. Hakifiki mbali, ila wanajeshi wawili wanakibeba na kukisimamisha.

Umbali nao una sheria kali kuliko watu wanavyodhani. Mwangwi hupungua kwa kipeo cha nne. Ukitaka kuona mara mbili ya mbali, unahitaji nguvu mara 16. Na kitu chenye mwangwi hafifu mara 16 kitaonekana nusu ya umbali tu. Kwa hiyo mfanyabiashara anaposema rada yake inafika kilomita 60, swali la kwanza ni: kilomita 60 kwa kitu gani? Roketi kubwa ya milimita 300 haina undugu na bomu la mota la milimita 60.

Kurudi nyuma

Kama hewa isingekuwepo, kazi hii ingefanywa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Hewa ipo, na kila bomu linakabwa kwa namna yake. Rada haijui ni bomu gani, hivyo inalazimika kulifahamu kwa kuangalia linavyopoteza kasi ndani ya zile sekunde chache. Bomu la mota lenye mapezi hupungua kwa namna yake, kombora la milimita 155 kwa namna nyingine. Hesabu inayotumika sana ni ile ya Kalman: kwa kila kipimo kipya, kompyuta inalinganisha ilichotabiri na ilichokiona, kisha inasahihisha nafasi, kasi na kiasi cha ukabaji kwa pamoja. Sekunde tatu za vipimo zinatofautiana sana na sekunde sita. Opareta anayelazimisha majibu ya haraka analipia kwa mita.

Roketi huharibu mpangilio huu kwa sababu mwanzoni injini yake inawaka. Rada inayorudi nyuma kwa kanuni za kitu kilichotupwa itakosea, kwa kuwa kipande cha mwanzo roketi haikutupwa, ilisukumwa. Ni lazima kompyuta itambue kuwa hii ni roketi, ikisie ni ya aina gani, kisha irudishe safari pamoja na muda wa kuwaka. Makombora ya kisasa yenye kifaa cha kutoa gesi kitakoni ili yafike mbali huleta usumbufu wa aina hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Yale yanayoongozwa hadi mwisho wa safari hupotosha jibu la yatakapoanguka, lakini yakinaswa mapema, jibu la yalikotoka linabaki zuri.

Kinachosahaulika mara nyingi ni urefu wa ardhi. Rada inaurudisha mkunjo hadi chini, lakini chini ni wapi? Chukua milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Kompyuta inaanza kwa kudhani kwamba mota iko usawa wa rada, na inapata nukta. Inaangalia ramani: pale kwenye nukta, ardhi iko mita 300 juu ya rada. Basi mkunjo ulikatiza ardhi mapema zaidi. Inapanda hadi kimo hicho na kupata nukta mpya, iliyo mita 110 mbele ikiwa bomba lilielekezwa nyuzi 70. Inaangalia ramani tena kwenye nukta mpya. Mara tatu au nne, na majibu yanatulia.

Pembe ikiwa kubwa, kosa la kimo halina athari sana. Mita 100 za kosa kwenye mota ya nyuzi 60 zinakuhamisha mita 58. Mita hizohizo 100 kwenye mzinga wa nyuzi 20 zinakuhamisha mita 275. Na kwenye miteremko mikali hesabu inaweza isitulie kabisa, ikirukaruka kati ya pande mbili za bonde. Katika Firefinder za mwanzo kazi hii ilimhitaji opareta asome mwenyewe mistari ya kontua, ile inayoonyesha vimo kwenye ramani. Siku hizi ramani ya vimo imo ndani ya kompyuta, na hatari imehama: watu wanaiamini ramani hiyo bila kuuliza ilipimwa lini na kwa usahihi gani.

Mwenye kosa mara nyingi ni aliyepima kituo

Naona sehemu hii ndiyo inayostahili muda mwingi wa mafunzo, na ndiyo inayopewa muda mchache kuliko zote.

Wapiga mizinga hugawanya duara katika mili 6,400, na mili moja ni takriban mita moja kwa kila kilomita. Ukiielekeza rada kwa kosa la mili 3, mzinga ulio kilomita 12 utatajwa mita 35 pembeni. Si nyingi, lakini tabia yake ni mbaya: kosa hili halitawanyiki. Vipimo mia moja vitakubaliana vyote kwa umoja kwenye mahali pasipo sahihi. Opareta ataona nukta zilizobanana vizuri na kufurahia usahihi ambao haupo.

Chanzo cha kwanza ni dira ya sumaku kutumiwa karibu na chuma. Gari la rada lenyewe, jenereta na hata bunduki begani huivuta sindano. Sogea mbali na magari makumi ya mita na uvue chuma ulichonacho, au bora zaidi tumia vifaa vya kutafuta kaskazini kwa jairo, yaani gurudumu linalozunguka badala ya sumaku.

Chanzo cha pili ni cha kwetu hasa. Ramani nyingi za zamani za 1:50,000 za Kenya, Tanzania na Uganda zimechorwa kwa msingi wa Arc 1960, yaani umbo la dunia na mahali pa kuanzia vipimo vilivyochaguliwa na wapimaji. Simu na vifaa vya GPS hutoa namba kwa msingi wa WGS84. Mahali palepale, ukilisoma kwa misingi hiyo miwili, hutofautiana takriban mita 300, karibu zote kwa upande wa kaskazini na kusini. Ukiweka kituo cha rada kwa namba za GPS halafu ukampa mpiga mizinga anayesoma ramani ya karatasi jibu lake, umemtuma kijiji cha jirani. Urefu nao una mtego wake: kifaa cha GPS kinaweza kutoa kimo juu ya umbo la hesabu la dunia badala ya usawa wa bahari, na katika ukanda wetu tofauti hiyo inaweza kuzidi mita 10.

Kipimo cha uhakika ni cha bure. Rada nyingi za aina hii zina hali mbili, ya adui na ya kirafiki. Fyatua mota yako mwenyewe kutoka mahali palipopimwa vizuri, kisha uiulize rada bomu limetoka wapi. Ikisema mota yako iko mita 80 kushoto kwa pale ilipo, rada ndiyo yenye kosa, na sasa unajua ni kiasi gani na upande gani. Kikosi kisichofanya hivi kila kinapohama kinabahatisha.

Uchaguzi wa mahali ni kazi ya miguu. Kilele cha mlima, ambacho kila mgeni hukichagua, ndicho kibaya. Kilele kinakuonyesha kwa adui na kuijaza rada mwangwi wa ardhi. Panapofaa ni mteremko mdogo unaoshuka mbele ya rada kwa mita 200 au 300, kisha ardhi ipande hadi ukingo mwingine ulio kama kilomita moja mbele, wenye pembe ya mili 15 hadi 30 kutoka kwenye antena. Ukingo huo ni pazia: unazuia mwale usipigane na ardhi iliyo mbali na kuificha rada isionekane kutoka ardhini. Ukingo ukiwa juu mno, uzio unapanda na kila bomu litaonekana limechelewa. Ukiwa na pengo upande mmoja, mwale wa upande huo unashuka bondeni na kunasa malori.

Sekunde zinazobaki

Turudi kwenye bomu letu la sekunde 38. Rada imetumia tano, kompyuta moja au mbili. Zimebaki kama 30. Kwa mtu aliyeko kambini hizo ni nyingi sana, ilimradi king'ora kilie chenyewe. Ukiweka ofisa katikati wa kuidhinisha, zinaisha mkononi mwake. Marekani ilipoanza mwaka 2005 kulinda kambi zake Iraq, iliunganisha rada moja kwa moja na ving'ora, na baadaye na mizinga ya Phalanx ya milimita 20 iliyotolewa kwenye meli. Risasi zake zilibadilishwa zijilipue hewani, kwa kuwa mzinga unaotema maelfu ya risasi kwa dakika juu ya mji unaweza kuua wengi kuliko bomu lenyewe.

Adui wa mfumo wa tahadhari ni king'ora cha bure. Ncha za pangaboi la helikopta huenda kwa zaidi ya mita 200 kwa sekunde, ndani kabisa ya kasi za mabomu. Risasi za bunduki nzito zinazopigwa hewani nazo hunaswa. Watu wakikimbilia handaki mara tano bila bomu, mara ya sita watabaki kitandani. Kwa hiyo mifumo mizuri huhitaji vyombo viwili vikubaliane, na hupiga king'ora kwenye mtaa wa kambi ambako bomu litaanguka tu, badala ya kambi nzima.

Na risasi ya bunduki je? Hapa rada inafika ukingoni. Risasi ya AK hutoka kwa mita 715 kwa sekunde na hufika mita 400 kwa muda usiofika sekunde moja, hivyo suala la kumwonya mtu halipo. Tena risasi ya milimita 7.62 ni ndogo kuliko mawimbi ya rada hizi, na kitu kilicho kidogo kuliko wimbi hupoteza mwangwi vibaya: ukizidisha urefu wa wimbi mara mbili, mwangwi unapungua mara 16. Wanaotafuta mdunguzi hutumia masikio. Mfumo wa Boomerang, uliotengenezwa na kampuni ya BBN kwa ajili ya magari ya Marekani kule Iraq, una maikrofoni saba juu ya mlingoti. Unasikia kwanza mpasuko wa hewa wa risasi inayopita, kisha mlio wa mtutu unaofuata, na kwa tofauti ya muda kati ya maikrofoni unataja upande na umbali. Risasi isiyozidi kasi ya sauti haina mpasuko, na mfumo unabaki nusu kiziwi.

Ni mbinu ya kale. Mwaka 1915 mwanafizikia Lawrence Bragg, akiwa katika jeshi la Uingereza na ndiyo kwanza amepewa tuzo ya Nobel, alikuwa akitafuta mizinga ya Wajerumani kwa sauti. Kilichokosekana ni chombo cha kutenganisha mlio mzito wa mzinga na kelele nyingine. Mwenzake William Tucker alikipata: waya mwembamba wa platini uliopashwa moto, ambao msukumo wa sauti nzito huupoza. Upimaji kwa sauti bado upo, kwa sababu moja kubwa: hautoi mawimbi, hivyo hauwezi kuwindwa.

Rada inawindwa. Kila pigo inalotoa linasikika mbali kuliko mwangwi wake unavyosikika, maana linasafiri upande mmoja tu. Kule Ukraine, ambako Marekani ilipeleka rada ndogo za mota kuanzia 2014 na AN/TPQ-36 mwaka uliofuata, vita vilivyopanuka 2022 vimefanya rada hizi kuwa windo la droni za Lancet za Warusi. Waliojifunza huiwasha kwa vipindi vifupi, pale tu sauti au droni yao ikiwaambia kwamba upande fulani umeanza kufyatua, kisha huzima na kuhama. AN/TPQ-53 husimamishwa kwa dakika tano na kufungwa kwa mbili. Katika jedwali la sifa zake, mimi huziangalia namba hizo kabla ya zile za umbali.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la ushahidi. Agosti 2013 mabomu yaliangukia Goma na ng'ambo ya mpaka upande wa Rubavu, Rwanda, wakati brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania na Afrika Kusini ikipambana na waasi wa M23. Kila upande ulimtupia mwenzake lawama. Ugomvi wa aina hii rada inaweza kuumaliza, au kuuongeza. Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, tarehe 28 Agosti 1995, wakati wa vita, bomu la mota la milimita 120 liliua watu 43 karibu na soko la Markale, na rada ya Cymbeline iliyokuwapo haikulinasa. Wachunguzi walirudi kwenye shimo lililochimbwa na bomu, wakapima uelekeo na pembe. Kimya cha rada nacho kikawa hoja, kwa kuwa ukijua mwale ulikuwa wapi unaweza kukokotoa ni njia zipi zingepita chini yake. Hilo linawezekana tu kama mtu aliandika, saa ileile, rada ilisimama wapi, ilielekea upande gani kwa mili ngapi, mwale wa chini ulikuwa kwenye pembe ipi, na ilikuwa imewashwa kuanzia dakika gani hadi dakika gani.